Tope la Kyamasumba

Kapata, Kolwezi, 19 Oktoba 1992

Mvua ya kwanza, fupi, yenye mawe. Gazeti halitoki tena: karatasi imekwisha Lubumbashi. Mhariri ameniagiza niendelee kuandika tu, karatasi itafika. Basi naandika hapa, kwa tarehe, kama nilivyozoea.

22 Oktoba

Kampuni ya madini haijagawa unga tangu Agosti. Miaka yote mfanyakazi alipata gunia lake la mahindi mwisho wa mwezi, na wanawake wa Kapata hawakuwa na haja ya kujua unga unatengenezwaje. Sasa bukari, ugali wetu, ni ya muhogo. Muhogo unaouzwa huku ni mchungu. Lazima umenywe, ulowekwe mpaka ulainike, uanikwe, utwangwe. Mapipa mengi yaliibwa askari walipopora mji mwaka jana. Bomba linatoa maji asubuhi tu, nayo ni ya kunywa. Kwa hiyo wanaloweka ziwani.

Kyamasumba si ziwa la asili. Kampuni ililijengea ukingo zamani, chini ya kiwanda cha kuoshea madini, ili maji machafu yatulie kabla ya kushuka kwenda Lualaba. Juu maji ni maangavu. Chini kuna tope la kijani. Mahali pengine mtu akiingia linamfika magotini.

Aliyeanza kuloweka huko ni Mama Ngalula. Ni mjane wa dereva wa treni ya madini. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi hapa. Yeye alizaliwa Kapata na hajatoka. Leo nilimkuta kwenye kona ya mashariki, mahali ambapo maji hayaendi popote, akibana mihogo chini kwa mawe huku wanawake wengine wakimtazama.

"Usitie na maganda," aliwaambia. "Ukitia na maganda itakaa mu mayi mpaka Yesu anarudia."

"Na hii harufu, mama?" aliuliza jirani yake, Mama Mignonne. "Bwana yangu atasema nimekufa."

"Harufu njo inasema imeiva. Bwana yako akikataa, umupe mawe akule."

Walicheka mpaka mmoja akateleza akakaa majini. Mama Mignonne ni mke wa kapita, msimamizi wa kazi, aliyestaafu. Mwanamke wa kelele, niliona.

3 Novemba

Mvua. Hakuna jambo.

14 Novemba

Kona ya mashariki imejaa. Mawe hayatambulikani tena, kwa hiyo kila mwanamke anafunga kitambaa chake kwenye kijiti. Kwa mbali utadhani kuna sherehe.

Mama Ngalula amehama. Sasa analoweka upande wa pili, pale kijito kinapoingia ziwani. Nilimwuliza sababu.

"Pale kumekuwa soko. Mi sipendi soko mu mayi."

"Ana majivuno," alisema Mama Mignonne nilipopita kwake. Nami nilifikiri hivyo hivyo.

1 Desemba

Mkutano wa vijana wa chama cha gavana uwanjani. Mambo yale yale: kazi za Katanga kwa Wakatanga, wageni warudi kwao. Likasi Wakasai wameshafukuzwa, tunasikia wamelala stesheni na watoto wao. Hapa kiongozi wa vijana ni Kitenge, mtoto wa Mama Mignonne. Alikuwa fundi katika karakana ya Kampuni hadi ilipofungwa. Baada ya hotuba alikuja kunisalimu kwa mikono miwili.

"Tata Nkulu, gazeti itarudia lini? Mi nilikuwa nasomaka ya mupira."

11 Desemba

Joto, hakuna upepo. Nimepita zahanati. Muuguzi Adolphine amepokea watu wanaotapika baada ya kula bukari, wengi wao watoto. Anajua ugonjwa wa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na ameona mengi Kisenge alikokuwa kabla ya hapa.

"Njaa inabakimbiza," alisema. "Banatoa mihogo mbele haijaiva. Siku ya Mungu tutatangaza mu bakanisa yote: bantu baiache mu mayi siku mingi zaidi."

Ni shauri la busara. Nilimsaidia kuandika tangazo.

13 Desemba

Tangazo limesomwa kwa Wakatoliki na kwa Wamethodisti.

25 Desemba

Noeli. Bukari na sombe, majani ya muhogo. Wagonjwa wameongezeka.

6 Januari 1993

Adolphine haelewi. Wanaofuata shauri lake, wanaoacha mihogo majini muda mrefu, ndio wanaougua zaidi. Matapishi yana rangi ya kijani. Wagonjwa wanalalamika ladha kama mtu amelamba ufunguo. Wanawake walinionyesha unga. Ukiuangalia juani una kijani kidogo. Wanadhani ni ukungu wa mvua. Nilionja kidogo nikatema.

12 Januari

Abigaëlle amekufa leo asubuhi. Alikuwa mtoto wa Kitenge, mjukuu wa Mama Mignonne. Alikuwa ameanza shule Septemba.

Nilikwenda kilioni. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake chini kwenye mikeka. Mvua ilinyesha, turubai likajaa maji katikati, na kila mara kijana mmoja alilisukuma kwa fimbo maji yamwagike. Kisha mwanamke mmoja, sikumwona uso, alisema kwa sauti ya kawaida:

"Ku nyumba ya Ngalula hamuna mugonjwa."

"Hata moja," mwingine aliitikia.

"Alitufundisha kutia mihogo pale. Kiisha yeye akahama. Juu ya nini alihama?"

Mama Mignonne alikuwa karibu nao. Kitenge alisikia. Nilimwona akiinua kichwa, na nilijua kwamba kuanzia hapo swali hilo lina mwenyewe.

Swali lenyewe si la kipumbavu. Mimi pia najiuliza.

14 Januari

Nimemtafuta Kyungu, mhandisi wa maabara ya maji ya Kampuni. Mishahara haitoki, lakini bado anafungua maabara kila siku, anavaa koti jeupe, anakaa. Anashuku ukosefu wa chokaa. Kampuni haina chokaa tena ya kutia katika maji ya kiwanda. Huenda madini yanaingia ziwani bila kuzuiwa. Kemikali alizobaki nazo zinatosha vipimo vichache. Atachota kesho.

19 Januari

Majibu ya Kyungu: maji ya Kyamasumba ni mazuri. Mazuri kuliko mwaka jana, kwa kuwa kiwanda chenyewe karibu kimesimama. Alinionyesha takwimu kwa furaha. Tulidhani tunaleta habari njema, tukamwambia Adolphine, naye akawaambia watu.

23 Januari

Habari njema imefanya kazi yake.

Mchana vijana walikusanyika mbele ya nyumba ya Mama Ngalula. Wadogo waliimba "bilulu, bilulu", yaani wadudu, jina ambalo Wakasai wanaitwa siku hizi. Kitenge aliwanyamazisha. Alivaa nguo nyeusi. Alizungumza kwa utaratibu, kama fundi anayeeleza kilichoharibika.

"Ingénieur amepima mayi. Iko safi. Hata tata Nkulu alisikia. Sasa kama mayi iko safi, na mihogo tunanunua soko moja, sumu inatoka wapi? Inatoka ku mukono ya muntu. Na muntu anayejua kwenye ametia sumu, hakulake pale."

Niseme kweli: kwa mambo tuliyojua wote siku ile, sikuona kosa katika hesabu yake.

"Mutoto wako alikulaka kwangu," alisema Mama Ngalula kutoka mlangoni. "Njo nimuue?"

"Tutangoja kilio iishe," alisema Kitenge. "Juu ya heshima ya mufu. Kikiisha, kama hatuone muntu mwingine, utatoka hapa. Na ukikataa, nyumba itawaka na wewe ndani."

Walipoondoka nilimwuliza kama ana ndugu wa kumpokea.

"Banasema niende kwetu. Kwetu ni wapi, tata? Kasai sijaiona hata mu picha. Hata kama ningeijua njia, ningekuwa nimeshaisahau."

Kilio kinaisha baada ya misa ya Jumapili ya kwanza ya Februari.

25 Januari

Nimemwuliza Kyungu swali ambalo nilipaswa kumwuliza mara ya kwanza: "Ulichota wapi?"

"Katikati, na ku mulango kwenye mayi inatokea. Njo desturi ya laboratoire tangu wakati ya Babeleji."

"Mihogo iko katikati?"

Alivaa viatu vya mpira.

Kwenye kona ya mashariki maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yenye mapovu. Harufu tulishaizoea. Kyungu alichota chini kabisa, kati ya mawe. Karatasi yake ya kupimia ilibadilika mara moja: maji yamechacha karibu kama ndimu. Akachuja, akadondosha matone ya amonia. Chupa ikawa ya buluu, buluu ya sketi za shule.

"Shaba," alisema. "Mingi."

Tukaenda upande wa kijito, mahali pa Mama Ngalula. Tope lile lile la kijani. Mihogo ile ile. Lakini maji yanapita. Karatasi haikubadilika, chupa haikubadilika.

Tulikaa kwenye ukingo, akanieleza. Nayaandika kwa mpangilio wake.

Miaka arobaini Kampuni ilitia chokaa katika maji ya kiwanda. Chokaa iliigeuza shaba kuwa unga wa kijani, ikazama. Kobalti na manganizi, madini mengine ya hapa, zilizama pia, nyeusi. Tope limezishika zote. Hazikuondoka, zimelala tu. Maji ya juu ni safi kwa sababu uchafu wote uko chini. Lakini hazikufungwa milele. Maji yakichacha, shaba inayeyuka na kupanda. Maji yakikosa hewa, manganizi inayeyuka na kuiachia kobalti iliyoishika. Muhogo unaolowekwa unafanya yote mawili: unachachusha maji, na vijidudu vinavyoulainisha vinamaliza hewa yote.

"Mihogo ya muntu moja, ziwa inavumilia," alisema. "Upepo unachanganya mayi. Lakini bamama ya Kapata yote, mu kona moja, mayi imesimama, na mihogo imebanwa mu tope yenyewe? Tope inafunguka. Na muhogo umelainika, unakunywa kama sifongo."

"Kwa nini katikati hukuiona?"

"Juu shaba ikifika katikati inakutana na mayi muzuri, inarudi chini. Inapanda huku, inashuka kule. Mi nilikuwa napima kwenye inashuka."

Na kadiri mihogo inavyokaa zaidi, ndivyo inavyokunywa zaidi.

Nilipomweleza Adolphine alikaa juu ya kitanda cha wagonjwa. "Basi mi njo nilibaambia baiache," alisema. Nikamwambia shauri lake lilikuwa sahihi kwa maji mengine yoyote. Haikumsaidia. Alisimama, akatoka kwenda nyumba hadi nyumba, bila mwavuli.

28 Januari

Watu wanasikiliza na hawaamini. "Ingénieur alisema mayi iko safi, sasa anasema iko chafu. Ngalula amemulipa kiasi gani?" Wengine wamechoma unga wao. Wengine hawana mwingine wa kula, wanaula.

29 Januari

Kyungu amependekeza jaribio ambalo kila mtu ataliona kwa macho yake. Mabeseni mawili kwenye baraza ya zahanati. Yote mawili tope la kona ya mashariki na maji ya mvua. Moja litiwe mihogo na kufunikwa. Lingine liachwe hivyo hivyo. Mihogo ikilainika, misumari mipya itiwe katika maji yote mawili.

Nilikwenda kumwomba Mama Mignonne awe shahidi. Yuko kwenye msiba, nilitegemea anifukuze. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tope, mi mwenyewe nitachota," alisema. "Mihogo, mi mwenyewe nitamenya. Wewe hautagusa, ingénieur hatagusa, na ule mama hatakaribia. Kama mutoto wangu aliuliwa na muntu, nataka kumujua. Kama aliuliwa na tope, nataka kujua pia."

Kitenge hakupinga. "Tutaona. Lakini kilio ikiisha, imeisha."

31 Januari

Mama Mignonne anakaa mchana kutwa karibu na mabeseni, anafukuza watoto na mbwa. Usiku anayafungia katika chumba cha sindano na ufunguo analala nao.

3 Februari

Jua kali. Baraza ilijaa mpaka barabarani. Mama Ngalula alisimama mbali, ng'ambo ya barabara, peke yake. Kitenge alikuwa mbele na watu wake.

Mama Mignonne alifunua beseni la mihogo, akabonyeza muhogo mmoja: umeiva. Akatia misumari, miwili huku, miwili kule. Mkatekista akaanzisha rozari, nadhani kwa kukosa kitu kingine cha kufanya. Ilipokwisha, Mama Mignonne akatoa misumari ya beseni lisilo na mihogo, akaipangusa. Ya kijivu, kama ilivyoingia. Akatoa ile mingine. Myekundu, kama waya mpya.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Hawa ni watu wa mgodi. Hata mtoto wa Kolwezi anajua kwamba chuma kikiingia katika maji yenye shaba kinavaa shaba.

"Aa!" alisema mzee mmoja. "Kumbe tulikuwa tunakula kebo ya Kampuni."

"Njo maana bwana yangu anangurumaka kama motere," alisema mwanamke nyuma yake. Watu wakacheka, cheko la watu waliobanwa muda mrefu. Mama Mignonne hakucheka. Alizungusha misumari kiganjani, akaitazama upande huu na huu.

Kyungu alieleza yaliyobaki, kwa ufupi: kobalti inatoka pamoja na shaba, ila hatuioni, mihogo iondolewe leo, tope lisichokolewe.

Kisha Kitenge akauliza: "Sawa. Tumeona. Lakini nani alibaonyesha kutia mihogo mule?"

Jibu lilishatajwa kilioni; sasa alitaka shahidi. Mwezi wa Oktoba nilikuwapo, niliona kwa macho yangu, nimeandika. Kama angeniuliza mimi kwa jina ningemjibu, na sijui nyumba ile ingekuwa wapi jioni. Hakuniuliza.

"Mi," alisema Mama Ngalula. Alikuwa amevuka barabara. "Mi wa kwanza. Nilitia yangu, haikumukosea muntu. Kiisha mukakuya bote. Sikujua kama tope inahesabiaka bantu."

Vijana wawili walisogea. Mama Mignonne alisema bila kugeuka:

"Mi njo nilimuomba anifundishe. Ukifukuza mwenye kufundisha, fukuza na mwenye kuomba. Anza na mama yako, Kitenge. Niko hapa."

Kitenge alichukua msumari mmoja mwekundu kutoka mkononi mwa mama yake, akauweka mfukoni, akaondoka. Watu wake wakamfuata.

Oktoba niliandika kwamba Mama Mignonne ni mwanamke wa kelele. Sifuti kitu, lakini naongeza: katika watu wote walioliuliza swali hili, mimi nikiwamo, ndiye aliyelitaka jibu bila kujali lingemwangukia nani.

4 Februari

Wameondoa mihogo yote, wakaifukia mbali. Walifanya kazi taratibu, kila jiwe likinyanyuliwa kwa mikono miwili ili tope lisiamke. Mama Ngalula alikuwa kati yao.

7 Februari

Kilio cha Abigaëlle kimeisha. Hakuna aliyekwenda kwa Mama Ngalula, isipokuwa wanawake wawili waliotaka kujua namna ya kuloweka katika pipa.

2 Machi

Hakuna mgonjwa mpya tangu katikati ya Februari. Kyungu amepima kona ya mashariki: uchachu umepungua, shaba imeshuka tena chini. Anasema ziwa limejifunga lenyewe. Limejifunga, si kwamba limepona, alirudia ili niandike vizuri.

17 Machi

Mvua.

24 Machi

Fukuzafukuza imefika Kolwezi. Mjini vyombo vya Wakasai vinamwagwa barabarani tangu juzi. Leo ni Kapata.

Nilikuwa kwa Mama Ngalula Kitenge alipobisha mlango. Alibisha kweli, akangoja ajibiwe. Nyuma yake walisimama wengi wenye fimbo.

"Mama, chukua bitu byako. Leo."

"Juu ya mayi tena?"

"Hapana. Mambo ya mayi tuliona, iliisha. Hauko na kosa."

"Basi nini?"

"Uko Mukasai. Bote banaenda."

Alisema kama mtu anayesoma saa za treni. Nikamwuliza: "Januari ulisema ni sumu."

"Nilisema juu mutoto wangu alikuwa amekufa, tata. Nilitaka muntu." Alinitazama usoni, hakuwa na hasira. "Lakini hata bila ile, hii siku ilikuwa inakuya. Munafikiri mayi njo ilikuwa inamushikilia hapa?"

Nilifikiri hivyo. Tangu Januari niliamini kwamba chanzo cha ugonjwa kikijulikana, naye atabaki. Chanzo kilijulikana. Nimeandika habari nyingi katika kazi hii, na sikumbuki nyingine iliyothibitishwa vizuri hivi na kubadilisha kidogo hivi.

Mama Ngalula aliwaomba wangoje afunge vyombo. Walingoja. Mmoja alimsaidia kukunja godoro.

17 Aprili

Stesheni ya Kolwezi. Watu wamejaa toka jukwaani mpaka kwenye reli, chini ya maturubai na makabati yaliyolazwa. Treni haijulikani itakuja lini. Wanazikana nyuma ya ghala la mizigo.

Mama Ngalula ana nafasi yake kati ya mabehewa mawili mabovu. Amekonda. Alinisalimu na kuniuliza gazeti. Nikasema bado.

Tulikuwa tumekaa alipofika Mama Mignonne. Amekuja kwa miguu kutoka Kapata, na mfuko wa unga kichwani. Aliushusha. Hawakukumbatiana. Mama Ngalula aliufungua, akachota kidogo kwa kidole akauweka juani, akauangalia.

"Ulitia wapi?"

"Mu pipa. Mayi ya mvua."

Akaulamba. Alikaa na ladha mdomoni kwa muda. Kisha akaufunga mfuko na kuuweka nyuma yake, kati ya vyombo vyake.

"Kitenge ameingia mu nyumba yako," alisema Mama Mignonne. "Na bibi yake. Nilimukataza. Hakusikia."

"Najua."

Treni ya mizigo ilipita bila kusimama. Watu walisimama, wakakaa tena.

"Ku chumba ya batoto paa inavuja," alisema Mama Ngalula. "Mwambie aweke beseni."